Amemaliza Kusoma

Liko neno moja katika lugha yetu ambalo twalisema pasipo kufikiri. Kijana atokapo shuleni na cheti chake mkononi, baba huwaambia jirani, "Mwanangu amemaliza kusoma." Jirani wampongeza, kuku achinjwa, wala hapana aulizaye amemaliza kusoma nini. Hatujasikia bado mzazi akisema ya kuwa mwanawe amemaliza kula, au amemaliza kuoga. Lakini kusoma humalizwa. Na mara nyingi neno lile huwa la kweli kuliko alivyokusudia msemaji. Madaftari huenda sokoni kufungia karanga, kalamu hupotea, na Biblia hulazwa sandukuni chini ya nguo za sikukuu, itoke Jumapili, irudi Jumapili.

Sisi walimu ndio wa kwanza kulaumiwa, maana tumewazoeza watoto kudhani ya kuwa Kitabu cha Mungu ni kitabu cha darasani, nacho hufungwa kengele ya mwisho ikilia. Kwa hiyo tumetafuta katika habari za zamani, tupate kujua jinsi wenzetu waliotutangulia walivyowasaidia watoto wapate desturi ya kusoma Neno kila siku nyumbani mwao. Tuliyoyaona twayaandika hapa, nayo mengine yametuaibisha.

Watu wa Israeli hawakuanza na shule. Msomaji akifunua Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, ataona ya kwamba mzazi ndiye aliyeagizwa kuwafundisha watoto wake, tena ameonyeshwa nyakati zake: aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hizo ni nyakati ambazo kila mtu anazo, hata maskini. Katika siku zile kitabu kiliandikwa kwa mkono, na nyumba nyingi hazikuwa nacho. Lakini mtu asiye na kitabu aliweza kuitimiza amri hiyo kwa kinywa chake.

Timotheo naye, Mtakatifu Paulo amkumbusha katika waraka wa pili ya kuwa ameyajua maandiko matakatifu tangu utoto. Nao waliomtangulia katika imani hiyo atajwa bibi yake Loisi, na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, twaambiwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Wala katika habari ya malezi haya hatajwi hata kidogo. Kina baba wenzetu na wasome mahali hapo polepole.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote ni ya Yohana aliyeitwa Krisostomo, maana yake Kinywa cha Dhahabu. Alikuwa padri katika mji wa Antiokia, na mwaka 398 akafanywa askofu wa Konstantinopoli. Alikufa mwaka 407 akiwa uhamishoni. Watu wengi wamjua kwa mahubiri yake. Si wengi wajuao ya kuwa aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha wazazi jinsi ya kulea watoto, na ndani yake alieleza namna ya kumpa mtoto habari za Biblia, kwa utaratibu kama mama amlishavyo mtoto uji.

Asema ya kuwa mtoto akiisha choka na masomo yake, ndipo baba amsimulie habari ya wale ndugu wawili, Kaini na Habili, kwa maneno matamu, kama mtu asimuliavyo hadithi. Amsimulie hiyo moja tu, asiongeze. Jioni nyingine airudie. Kisha siku nyingine amwambie mtoto, Haya, nisimulie wewe. Na mtoto akiisha kuishika, ndipo baba amweleze faida yake. Mama naye aketi karibu asikilize na kuisifu habari ile. Baada ya hayo baba amshike mtoto mkono, waende kanisani siku ambayo habari hiyo husomwa. Na mtoto ataruka kwa furaha, kwa kuwa wengine hawaijui bado, naye aijua tayari. Habari ya Esau na Yakobo ifuate baadaye, kwa kuwa ni ndefu zaidi. Na habari za jehanamu, asema, zingoje hata mtoto atimize miaka 15.

Hili la mwisho lilitutia haya. Sisi wengi tumeanza na jehanamu, tena kwa watoto wadogo, kwa sababu ni njia fupi ya kunyamazisha darasa.

Tazama basi: zaidi ya miaka 1,600 imepita, na mambo yote makubwa yamo katika shauri lile: habari fupi, kurudiwa, kinywa cha mtoto mwenyewe, na mama kuketi karibu. Hata hivyo yalisahauliwa mahali pengi. Vitabu vilipoanza kupigwa chapa huko Ulaya, watu walifikiri ya kuwa taabu iliyobaki ni moja tu, yaani kupata kitabu.

Habari ya Mary Jones wasomaji wetu wengi waijua, maana husimuliwa sana kila tuwakumbukapo watu wa Chama cha Biblia. Alizaliwa mwaka 1784 katika kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, katika nchi ya Wales, nao wazazi wake walikuwa watu maskini wenye kazi ya kufuma. Alijifunza kusoma katika shule zilizoanzishwa na mchungaji Thomas Charles, akaweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miaka. Mwaka 1800, alipokuwa na umri wa miaka 15, akaenda kwa miguu maili 25 na zaidi, akipita milimani, hata mji wa Bala, akanunue Biblia kwa mchungaji yule. Haja ya watu wa namna yake iliwachoma moyo wengi, na mwaka 1804 kikaundwa huko London Chama cha Biblia cha Waingereza na nchi za nje, chama ambacho baadaye kilitupigia chapa na sisi Kiswahili chetu.

Habari hii ni njema, na yafaa isimuliwe. Lakini sisi twaisimulia kana kwamba taabu ilikwisha siku ile msichana alipokikumbatia kitabu chake. Twamfikisha Bala, twaimba, twaenda nyumbani. Nani amewaambia watoto habari ya kesho yake? Miguu yauma, kazi ya nyumbani yamngoja, na kitabu kina kurasa mamia. Aanze wapi? Asome kiasi gani? Mtoto wa kwetu aliyepewa Biblia siku ya Krismasi yumo katika hali iyo hiyo. Huanza kwa bidii na Mwanzo, apita Kutoka kwa furaha kwa ajili ya mapigo ya Farao, kisha aingia Mambo ya Walawi kama mtu aingiaye matope ya masika, na hapo huacha viatu vyake.

Katika nchi ya Scotland alikuwako mchungaji mmoja kijana, Robert Murray M'Cheyne, wa kanisa la Mtakatifu Petro katika mji wa Dundee. Mwishoni mwa mwaka 1842 aliwatengenezea watu wake kalenda ya kusoma Biblia yote katika mwaka mmoja, na Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Maana yake ni sura nne hivi kila siku. Alikufa mwezi wa Machi mwaka 1843, hajatimiza miaka 30, lakini kalenda yake yatumika hata leo. Tena alikuwa mtu mwenye akili, maana pamoja na kalenda aliandika hatari zake: kusoma kwaweza kuwa desturi tupu, msomaji aweza kujiona mwenye haki kwa sababu amemaliza fungu lake, aweza kusoma ovyo, apate kufika mwisho, na wengine wataiona kuwa nira nzito isiyochukulika.

Sisi tuliipenda kalenda, hatukuzisoma hatari. Zamani tulipokuwa wageni katika kazi ya ualimu, tuliwaamuru watoto wa darasa la nne wasome sura mbili kila siku nyumbani. Kila asubuhi tuliita majina. Aliyesoma aliandikiwa alama, asiyesoma alifagia kiwanja. Baada ya majuma matatu hapakuwa na mfagiaji hata mmoja, kiwanja kikajaa majani ya mwembe, nasi tukafurahi sana. Juma la nne tukamwita mtoto mmoja aliyewapita wenzake wote kwa alama, tukamwuliza, "Jana ulisoma nini?" Akasimama wima, akajibu, "Sura mbili, Mwalimu." Tukauliza, "Zilisema nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Zilikuwa na majina, Mwalimu."

Alikuwa amefika Mambo ya Nyakati, kitabu cha kwanza, na kweli sura zile ni majina matupu. Mtoto hakusema uongo. Aliyedanganyika ni mwalimu, ambaye aliuliza kila asubuhi swali la kiasi, asiulize hata siku moja swali la maana.

Aliyelitatua jambo hili kwa watoto alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamke, jina lake Annie Marston, wa mji wa Keswick, ulioko kaskazini ya Uingereza katika nchi ya milima na maziwa. Bibi Marston alitaka watoto wake wasome Biblia siku zile sita ambazo hakuwaona. Akafanya jambo dogo: aliwaandikia kwa mkono wake mafungu ya juma zima, fungu fupi kwa kila siku, akawagawia karatasi waende nazo nyumbani. Juma likiisha, aliandika tena.

Kwa wakati huo kilikuwako chama kilichoanzishwa na Josiah Spiers huko London mwaka 1867 kwa ajili ya ibada za watoto. Bwana Spiers alikuwa mtu aliyejua watoto. Mwaka 1868, katika pwani ya Llandudno, aliandika mchangani maneno ya kwamba Mungu ni upendo, watoto waliokuwa wakicheza wakayapamba kwa mawe na magugu ya bahari, kisha wakaketi wakamsikiliza. Bibi Marston aliwaomba watu wa chama hicho wazipige chapa karatasi za mafungu, zipate kuwafaa watoto wengi. Ombi lake halikukubaliwa mara moja. Hakuchoka kuomba, na tarehe 1 Aprili mwaka 1879 kikaanza Chama cha Watoto cha Kusoma Maandiko, kila mwanachama akipewa kadi yenye mafungu yake. Chama hicho hakikukaa Uingereza tu. Leo kazi yake imo katika nchi zaidi ya 100, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimo pia.

Tumejiuliza kwa nini kadi ile ndogo ilifaulu mahali ambapo mahubiri mengi hayakufaulu. Fungu lilikuwa fupi, ndiyo. Lakini twadhani siri yake nyingine ni kubwa zaidi: watu wote wenye kadi walisoma fungu moja siku moja. Mtoto aliyesoma peke yake chumbani hakuwa peke yake. Rafiki yake wa mtaa wa pili alisoma mistari ile ile jioni ile. Na akihama mji, kadi ilihama naye.

Nasi twaweza kusema neno lingine, ambalo yule mama wa Keswick labda hakulijua. Katika miaka iyo hiyo watoto wa pwani yetu walikuwa wakisoma Neno kidogo kidogo, wao kwa lazima. Dakta Krapf alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa utumwani, ambao Sultani Majid aliwakabidhi. Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliendelea kufasiri, na mtambo wa misheni ukapiga chapa, na vijana waliokuwa watumwa jana wakafundishwa kuzipanga herufi. Injili ya Mathayo ilitoka mwaka 1869. Agano Jipya lote mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake Steere. Biblia nzima mwaka 1891. Yaani kwa miaka mingi hapakuwa na kitabu kizima cha kumlemea mtoto. Kilichokuwapo kilikuwa ni sehemu, tena sehemu ngeni kila baada ya muda, nayo ilisomwa na kurudiwa na kukaririwa mpaka nyingine itoke.

Katika Buganda walioingia katika dini hawakuitwa kwanza Wakristo, waliitwa wasomaji. Wavulana walikwenda nyumbani kwa Bwana Mackay, fundi yule aliyechonga herufi za mti kwa mikono yake, wakajifunza maandiko kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiganda, karatasi kwa karatasi. Tarehe 31 Januari mwaka 1885, watatu kati yao, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega. Nao walikuwa vijana wadogo. Hatuwataji ili tuwatishe watoto wetu. Twawataja ili ijulikane ya kuwa jina la "msomaji" lilikuwa na bei yake, wala hapakuwa na mtu aliyedhani ya kuwa msomaji humaliza.

Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya Bwana Pilkington na wenziwe Waganda. Ilifungwa kwa umbo la ajabu, nyembamba kwa upana na nene sana, ipate kuingia katika kopo la biskuti. Maana mchwa wa nchi ile hawaheshimu kitabu chochote. Basi kopo lile liliwekwa kwa ajili ya mchwa. Sanduku letu la nguo tumeliweka kwa ajili ya nani? Tumeona nyumba ambazo mtoto akiishika Biblia aambiwa, "Rudisha, utaichafua." Biblia yake ni safi kweli kweli.

Baada ya kuyasoma haya tuliacha kuita majina asubuhi. Tulichukua karatasi, tukaandika mafungu ya juma kama alivyofanya Bibi Marston, wala hakuna fungu lililopita mistari 12, tukampa kila mtoto nakala yake. Tuliwaagiza jambo moja: wasisome kimya, bali kwa sauti, mbele ya mtu mzima mmoja wa nyumbani, taa ikiisha kuwashwa na kabla chakula hakijapakuliwa. Saa hiyo tuliichagua kwa sababu watu wote wapo, na njaa huwazuia wasiondoke. Aliyekosa siku moja hakuambiwa alipe deni. Asome la leo, la jana liende.

Hayakwenda yote vizuri. Karatasi kadhaa ziliwashia moto. Mbuzi alikula moja. Baba mmoja alituletea malalamiko ya kuwa mwanawe amekuwa mhubiri nyumbani, amkatiza mazungumzo. Tukamwambia mtoto asome tu, asieleze. Na wako wazazi waliosema ya kuwa hiyo ni kazi ya mwalimu, ndiyo maana wanalipa ada. Hao hatukuwashinda.

Lakini katika nyumba moja yuko bibi ambaye hajui herufi, wala macho yake hayaoni vema tena. Mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, alimchagua yeye. Kwa majuma ya kwanza bibi alisikiliza kwa adabu tu, kama mtu asikilizavyo mgeni. Siku moja mtoto aliichoka kazi, akaruka mistari miwili, afike upesi kwenye chakula. Bibi akasema, "Hapana. Yule mtu wa pili umemwacha njiani." Kumbe alikuwa ameisikia habari ile kanisani miaka 40, akaijua kuliko msomaji wake. Tangu siku ile mtoto husoma, na bibi husahihisha, na hapo nyumba yote hucheka. Krisostomo alitaka mzazi asimulie, mtoto arudie. Nyumba hii wamegeuza, nayo yafanya kazi vilevile.

Msichana yule ana kaka yake aliyekwenda kutafuta kazi mjini. Naye ni mmoja wa wale "waliomaliza kusoma." Alipokuja likizo, bibi akamwagiza mjukuu wake amnakilie karatasi ya majuma manne, akamwambia kijana, "Huko uliko sijui wala nini wala lini. Lakini taa ikiwashwa, nitajua umeshika mstari gani." Kijana aliikunja karatasi, akaitia katika kitabu cha posta.

Wazazi wametuuliza tuliandika nini juma la kwanza. Tulichagua Injili ya Marko, kwa kuwa mambo yake huenda mbio na mtoto hachoki. Jumapili, wavuvi walioitwa ziwani, sura ya 1, mstari wa 16 hata wa 20. Jumatatu, mwenye kupooza aliyeshushwa darini, sura ya 2, wa 1 hata wa 12. Jumanne, dhoruba, sura ya 4, wa 35 hata wa 41. Jumatano, binti wa Yairo, sura ya 5, wa 35 hata wa 43. Alhamisi, mikate mitano, sura ya 6, wa 35 hata wa 44. Ijumaa, watoto walioletwa kwa Bwana, sura ya 10, wa 13 hata wa 16. Jumamosi, Bartimayo kipofu, sura iyo hiyo, wa 46 hata wa 52. Mafungu ya juma la pili twawaachia wazazi wayachague wenyewe.